Siyo Kila Kinachofanana na Mnyoo ni Mnyoo: Somo Kuhusu Vimelea vya Kamba na Kaa wa Kufugwa

Wanachuo wenzangu, najua mkiona neno "vimelea" kwenye jarida la jumuiya yetu, wengi mtaruka moja kwa moja hadi kurasa za michezo. Naomba dakika kumi tu. Mimi nasoma ualimu wa sayansi, mwaka wa tatu, na masomo yangu ya kufundishia ni Baiolojia na Kemia. Kila nikiandaa somo la vimelea nakuta mifano ni ileile: tegu, kichocho, malaria, basi. Mwanafunzi wa Pangani au Kilwa ambaye kwao ada inalipwa kwa kaa na kamba anamaliza kidato cha nne akiweza kuchora hatua zote za maisha ya tegu, lakini hajui kwamba yule kaa aliye kwenye ndoo ya baba yake naye ana vimelea vyake. Tena vingine vinatafuna ada ileile.

Nimeuchagua upande mmoja tu wa mada hii, yaani kutambua. Siyo tiba, siyo ufugaji kwa jumla. Unapokuta kitu ndani ya kamba au juu ya kaa, unajuaje ni nini? Swali hili linaonekana la kitaaluma mno, la watu wa koti jeupe, lakini ndilo linaloamua mfugaji atanunua dawa gani, atamwaga bwawa au ataliacha, atavuna leo au atasubiri.

Tuweke jambo moja sawa kabla ya kuendelea. Magonjwa makubwa yaliyowahi kuangamiza kamba wa kufugwa duniani mengi hayatokani na vimelea kwa maana tunayoitumia darasani. Ugonjwa wa madoa meupe, ambao ulithibitishwa Msumbiji mwaka 2011 na Madagaska mwaka 2012, yaani hapa hapa jirani, unasababishwa na virusi. Ule wa vifo vya mapema, uliotikisa China, Vietnam na Thailand, timu ya Donald Lightner wa Chuo Kikuu cha Arizona ilitangaza mwaka 2013 kwamba chanzo chake ni bakteria, aina fulani za Vibrio parahaemolyticus. Hao siyo wa leo. Nimewataja kwa sababu mfugaji haoni virusi wala bakteria. Anaona kamba anakufa, anamfungua, anakuta kitu cha ajabu ndani, na papo hapo hicho kitu kinabeba lawama yote.

Hata hayo madoa meupe yenyewe yana mtego. Gamba la kamba linaweza kupata madoa meupe kwa sababu ya bakteria, au kwa sababu maji ya bwawa yana alikali nyingi mno, bila kirusi chochote. Dalili moja, vyanzo vitatu. Ukishalielewa hilo umeelewa nusu ya somo hili.

Wataalamu wa afya ya viumbe wa majini hugawa utambuzi katika ngazi tatu. Ya kwanza ni macho na pua na daftari: kamba anaonekanaje, anakulaje, anaogeleaje, kinyesi chake kikoje. Ya pili ni hadubini na maabara ya kawaida. Ya tatu ni vipimo vya molekuli kama PCR, pamoja na hadubini ya elektroni. Ngazi hizi hazishindani. Ya kwanza inakupa swali, na ya tatu inajibu swali uliloliuliza tu. Ukipeleka maabara swali baya utarudishiwa jibu sahihi lisilo na kazi.

Kinyesi cheupe

Sasa niwapeleke Thailand, maana kisa hiki nikikipewa kipindi kizima nitakifundisha chote.

Wafugaji wa kamba huko walianza kuona nyuzi nyeupe zikielea juu ya mabwawa. Zilikuwa kinyesi cha kamba, ambacho kwa kawaida ni cha rangi ya chakula walichokula, kahawia au kijani hivi. Kamba wenye kinyesi cheupe walikula kidogo, wakakua polepole, na baadhi walikufa. Walipofunguliwa na utumbo wao kuwekwa chini ya hadubini, ndani yake kulikuwa na vitu virefu, vyembamba, vinavyopitisha mwanga, vimejipindapinda kama minyoo midogo. Mamia kwa mamia. Vilikuwemo pia ndani ya vijineli vya hepatopankreasi, kile kiungo cha kamba kinachofanya kwa pamoja kazi ambazo kwetu sisi zinafanywa na ini na kongosho.

Vikafananishwa na gregarini. Gregarini ni vimelea halisi vya seli moja, ndugu wa mbali wa vijidudu vya malaria, na vinaishi kwenye utumbo wa wadudu, minyoo na krasteshia wengi. Kwa kamba maarufu zaidi ni jenasi ya Nematopsis, ambayo sehemu ya maisha yake inaipitisha ndani ya wanyama wa jamii ya kome na chaza. Kwa hiyo dhana ilikuwa na mantiki: kamba wapo, utumbo upo, vitu vya umbo la mnyoo vipo, na vimelea vya umbo hilo vinajulikana kwenye vitabu. Wangapi kati yetu wangepewa hiyo slaidi kwenye praktiko wasingeandika "gregarini" na kupata tiki?

Mwaka 2014 watafiti wa Thailand walichapisha matokeo baada ya kuviangalia vitu hivyo kwa hadubini ya elektroni. Wakatafuta kiini cha seli, hakuna. Wakatafuta mitokondria, hakuna. Hakuna hata muundo mmoja wa ndani unaoonyesha kwamba hiki ni kiumbe hai. Kumbe vile "viminyoo" vilikuwa mikrovili, yaani vile vinyuzinyuzi vidogo mno vilivyopo juu ya seli za hepatopankreasi, vilivyobanduka kutoka kwenye seli, vikabadilika umbo, vikajikusanya pamoja hadi vikafanana na mnyama. Kamba alikuwa anatoa vipande vya mwili wake mwenyewe, na watu wakaviona kama mvamizi.

Fikiria maana yake kwa mfugaji. Kama ni gregarini, unatafuta kome na minyoo wanaobeba hatua nyingine ya kimelea na unawaondoa bwawani. Kama ni mikrovili iliyobanduka, hakuna wa kumuua. Kinachotakiwa ni kujua seli za hepatopankreasi zinabanduka kwa nini. Njia mbili tofauti kabisa, gharama mbili tofauti, na kinachozitenganisha ni kama ndani ya kile kitu kuna kiini au hakuna.

Basi gregarini wa kweli unamtambuaje? Kiini chake kinaonekana, mara nyingi kama duara jepesi lenye mpaka. Mwili wa wengi umegawanyika sehemu mbili, ya mbele ndogo na ya nyuma kubwa, zikitenganishwa na ukuta. Hukaa kwenye utumbo, siyo ndani ya vijineli vya hepatopankreasi. Wengine utawakuta wameungana wawili au zaidi, mmoja nyuma ya mwenzake kama mabehewa. Na akiwa hai, kwenye maji ya chumvi, anateleza taratibu. Hakuna kifaa cha gharama hapo. Hadubini ya shule yenye ukuzaji wa mara 400 inatosha kabisa, ila mtazamaji awe na subira ya kutafuta kiini badala ya kuridhika na umbo.

Yule ambaye hafanani na kitu

Kwenye mabwawa hayo hayo ya Thailand kulikuwa na kimelea kingine, cha kweli, na hicho ndicho hakikuonekana. Kilibainika mwaka 2004 kwa kamba wa milia, Penaeus monodon, waliokuwa wanadumaa, na mwaka 2009 kikapewa jina: Enterocytozoon hepatopenaei. Watu wa fani wanakiita EHP na mimi nitafanya hivyo hivyo, ulimi wangu mna mipaka.

EHP ni maikrosporidia, kundi lililo karibu na kuvu. Spora yake ina urefu wa takribani maikromita 1.1. Ukizipanga spora hizo kwa urefu, kichwa kwa mkia, unahitaji kama 900 ili kujaza milimita moja ya rula yako. Ndani ya kila spora kuna mrija mwembamba uliozungushwa kama waya kwenye kibiringo, mizunguko mitano au sita. Spora ikikutana na seli ya hepatopankreasi, mrija unafyatuka, unatoboa seli, na yaliyomo ndani ya spora yanapita kwenye mrija huo kama dawa ndani ya sindano. Kimelea kinazaliana ndani ya seli, seli inapasuka, spora zinatoka na kinyesi, na kamba wengine wanazila. Hakihitaji kome wala mnyama mwingine yeyote wa kati. Kamba kwa kamba, moja kwa moja.

Tufanye hesabu kidogo. Kwa hadubini ya mara 400, spora ya maikromita 1.1 utaiona kama kitu cha milimita 0.44. Nukta. Kwa lenzi ya mara 1000, ile inayohitaji mafuta maalumu (na nani kati yetu amewahi kuyakuta hayo mafuta kwenye maabara ya sekondari?), itakuwa milimita 1.1. Nukta nono. Na kwenye hepatopankreasi ya kamba mzima kabisa kuna matone ya mafuta na chembechembe nyingine za kila saizi. Kwa hiyo ile hali iliyotupotosha kwenye kinyesi cheupe hapa imegeuzwa: kule tulikuwa na kitu kinachofanana sana na kimelea ambacho siyo, hapa tuna kimelea kisichofanana na chochote.

Dalili zake nazo ni za kinyonge. Kamba aliyeambukizwa EHP hana doa, hana kidonda, hafi ghafla. Anadumaa tu. Bwawa linakuwa na kamba wa saizi zisizolingana: walioingia siku moja, wanakula chakula kimoja, lakini mmoja ni mara mbili ya mwenzake. Dalili yake kubwa, kwa maneno mengine, haipo kwenye mwili wa kamba mmoja. Ipo kwenye daftari la uzito. Mfugaji asiyepima kila wiki atakuja kuiona siku ya mavuno, chakula kimeshaliwa na deni lipo palepale.

Hapa watu wa ualimu tutapata swali zuri la mtihani: Je, kinyesi cheupe ni dalili ya EHP? Jibu linalostahili alama zote ni kwamba EHP hukutwa mara nyingi kwenye mabwawa yenye kinyesi cheupe, lakini kinyesi cheupe peke yake hakithibitishi EHP, na EHP inaweza kuwepo bila kinyesi cheupe. Mwanafunzi atakayeandika "ndiyo" tu, nusu alama.

Kwa kuwa macho yanashindwa, PCR ndiyo inayotegemewa, na inaweza kufanywa hata kwa kinyesi, bila kumuua kamba mzazi wa thamani. Lakini PCR nayo siyo neno la mwisho. Vipimo vya mwanzo vililenga jeni la ribosomu ambalo maikrosporidia wengine wanalo kwa mfuatano unaokaribiana sana, kwa hiyo kipimo kingeweza kusema "ndiyo" kwa ndugu wa EHP asiye na madhara kwa kamba. Mwaka 2016 watafiti wa Thailand wakatoa kipimo kinacholenga jeni la protini ya ukuta wa spora, ambacho kinachagua zaidi. Ukipewa cheti cha maabara kwamba vifaranga hawana EHP, au wanayo, una haki ya kuuliza: mmetumia jeni gani?

Na bwawa likishachafuka? Ushauri uliotoka huko huko ni kulikausha, kumwaga chokaa isiyozimwa kiasi cha tani 6 kwa hekta, kuichanganya na udongo hadi sentimita 10 au 12 chini, kisha kulilowesha ili pH ipande hadi 12 au zaidi. Tani sita! Mtu hafanyi hivyo kwa kubahatisha. Ndiyo maana nang'ang'ania utambuzi.

Kaa wa mjomba

Nirudi nyumbani. Mjomba wangu yuko kwenye kikundi cha watu tisa wanaonenepesha kaa matope, Scylla serrata, kwenye vizimba vya miti kandokando ya mikoko, mkoa wa Tanga. Kazi yenyewe ni kununua kaa waliokonda kwa bei ndogo, kuwalisha utumbo wa samaki na kombe wiki kadhaa, na kuwauza wakiwa wamejaa nyama. Msimu uliopita kaa kadhaa walilegea, wengine wakafa alfajiri. Walipofungua gamba wakakuta kwenye matamvua vitu vyeupe vya kama punje ya mchele, kila kimoja kimeshikilia kwa kikonyo laini. Muuza dawa za mifugo aliyepita akasema minyoo hiyo, akawauzia dawa ya minyoo ya mbuzi. Sh 45,000. Wakachanganya kwenye chakula. Vitu vyeupe vikabaki vilevile, na kaa wakaendelea kulegea.

Nilipokwenda likizo, Mjomba akanionyesha. Tulichukua tamvua moja, tukaliweka kwenye kisosi cha maji ya bahari, tukatumia lenzi ya mkono niliyonunua kwa hela ya bumu. Dakika chache baadaye kile kipunje kikajifungua upande mmoja na kutoa kitu kama kifagio kidogo, kikawa kinapunga na kurudi, kinapunga na kurudi. Kile kifagio ni miguu. Miguu yenye pingili. Mnyoo hana miguu ya pingili, na hapo mjadala wa mnyoo ulikufa.

Kiumbe chenyewe ni Octolasmis, naye ni krasteshia kama kaa mwenyewe. Ni jamii ya vile vinyama vya magamba makali vinavyoganda kwenye nguzo za gati na chini ya mashua, ila huyu ana kikonyo na amechagua kuishi ndani ya chumba cha matamvua ya kaa. Tena hanyonyi damu. Anachuja chakula kutoka kwenye maji ambayo kaa anayavuta kwa ajili ya kupumua. Kwa ukali wa maneno, siyo kimelea bali ni mpangaji. Lakini wapangaji wakizidi ukumbi unaziba, na maji ya alfajiri yanapokuwa na oksijeni kidogo kaa anakosa hewa. Dawa ya minyoo ya kumeza ingemfikiaje huyu, anayekaa nje ya mwili na kula vya majini? Haiwezekani, na haikuwezekana.

Anayeondoa Octolasmis ni kaa mwenyewe, anapojivua gamba (siyo kule kwa siasa, huku kwa kweli), maana anatupa na ngozi ya matamvua pamoja na wote walioganda hapo. Kaa wakubwa wanajivua mara chache, ndiyo maana wanabeba wengi. Kwa hiyo ushauri nilioweza kutoa ulikuwa wa kawaida mno, karibu niuonee aibu: wakati wa kununua, wachungulie matamvua ya kaa mmoja mmoja wa kila mzigo, wakubwa waliojaa wapangaji wauzwe mapema badala ya kuwekwa wiki sita, na vizimba visisongamane. Mjomba akauliza, "Kwa hiyo mwalimu, ile elfu arobaini na tano ndiyo basi?" Ndiyo basi, Mjomba.

Kaa wana wengine wa kuwajua. Sacculina ni krasteshia aliyepoteza karibu kila alama ya ukrasteshia. Ndani ya kaa amebaki mizizi tu inayosambaa mwilini, na nje anatoa mfuko chini ya mkia uliojikunja, mahali pale pale ambapo kaa jike hubeba mayai. John Vaughan Thompson alimweleza mwaka 1836, na alimtambua ni jamii gani kwa kuangalia watoto wake, siyo yeye mwenyewe, kwa sababu kwa mtu mzima hakuna cha kukusaidia. Kaa anakuwa tasa, na anaulinda na kuusafisha ule mfuko kama mayai yake. Akiwa dume, mkia wake unapanuka ukafanana na wa jike! Kumtofautisha ni rahisi ukitulia: mayai ni punjepunje nyingi zilizoshika kwenye vijimiguu vya chini, mfuko wa Sacculina ni kitu kimoja laini chenye shina.

Hematodinium ndiye ninayemwogopa zaidi. Ni dinoflajelata, kundi la vimelea na mimea midogo ya maji, na anaishi ndani ya damu ya kaa. Alielezwa Ufaransa mwaka 1931. Alaska wanamjua kwa sababu nyama ya kaa aliyeambukizwa inakuwa chungu baada ya kupikwa, haimdhuru mlaji lakini haiuziki, na China amekutwa akiwaua kaa matope wa kufugwa. Damu ya kaa mzima ni angavu yenye ubluu kidogo na inaganda upesi. Ya huyu mgonjwa ni kama maziwa na haigandi. Lakini, tena, maziwa hayatoshi, kwa kuwa bakteria na hamira nao wanaweza kuichafua damu hivyo. Ni lazima tone liende chini ya hadubini, na hapo utatafuta seli za mviringo zenye kromosomu zilizokunjamana muda wote, tabia ya dinoflajelata.

Wengine niwapitie haraka. Ukiona kamba ana uvimbe upande mmoja wa gamba la kichwa, kama mtu mwenye pipi shavuni, fungua: utakuta isopodi wa familia ya Bopyridae, jike kubwa lililopinda upande na dume dogo limemshikilia. Huyo hata mtoto wa darasa la tano atamtambua. Utando kama vumbi la kijivu au kahawia juu ya matamvua na miguu mara nyingi ni siliati kama Zoothamnium na Epistylis, ambao wanaonekana vizuri kwenye hadubini kama kengele juu ya vijiti. Hao wanakuambia zaidi kuhusu uchafu wa bwawa kuliko kuhusu kamba.

Kamba mwenye nyama nyeupe kama amepikwa ni habari nyingine. Anaweza kuwa na maikrosporidia wa misuli, na hapo ukiponda kipande kidogo cha nyama kwenye slaidi utaona spora. Zikiwa zimefungwa nanenane kwenye kifuko, fikiria Agmasoma au jamaa zake. Zikiwa mojamoja, fikiria Ameson. Lakini misuli huwa myeupe pia kwa kukosa oksijeni na kwa msukosuko wa kuvuliwa. Bila spora, usiseme.

Wangapi wanatosha?

Kosa ninaloliona kwenye ripoti nyingi za vitendo, hata za watu wa shahada za juu, ni kuchukua kamba kumi, kukuta hakuna kitu, na kuandika "bwawa halina ugonjwa". Wale wenzangu wa Hisabati watanisaidia. Kama asilimia 5 ya kamba wana kimelea na wewe umechukua 10, uwezekano wa kuwakosa wote ni 0.95 kwa kipeo cha 10, yaani karibu 0.60. Mara sita kati ya kumi utatangaza usalama usiokuwepo. Ukichukua 60, uwezekano huo unashuka chini ya 0.05. Ndiyo maana majedwali ya wataalamu yanasema, kwa bwawa lenye kamba wengi sana na uhakika wa asilimia 95: chukua 30 kama unatafuta ugonjwa uliowapata asilimia 10, chukua 60 kwa asilimia 5, na 150 kwa asilimia 2. Na hiyo ni kwa kipimo kisichokosea kamwe.

Hizo ni namba za kuthibitisha usalama, na kamba wanachukuliwa bila kuchagua. Kama kamba tayari wanaumwa na unataka kujua wanaumwa nini, fanya kinyume: chagua wanyonge, wanaoelea pembeni, wenye dalili, lakini wawe hai. Kamba aliyekufa jana hana msaada. Hepatopankreasi imejaa vimeng'enya vya kumeng'enya chakula, na kamba akifa vinageukia kiungo chenyewe. Baada ya saa chache unaangalia uji.

Kwa sababu hiyo hiyo sampuli ya kukatwa vipande vyembamba inawekwa kwenye dawa ya Davidson, na dawa inadungwa kwa sindano ndani ya hepatopankreasi kwanza, kamba akiwa hai, ndipo azamishwe mzima. Kwa lita moja: ethanoli ya asilimia 95 mililita 330, fomalini mililita 220, asidi asetiki kali mililita 115, maji mililita 335. Vaa glavu, fanyia nje penye upepo, fomalini siyo mchezo. Akae humo saa 24 hadi 72 kulingana na ukubwa wake, kisha ahamishiwe kwenye ethanoli ya asilimia 70. Lakini asidi hiyo inaharibu DNA, kwa hiyo wa PCR wanakwenda chupa nyingine, yenye ethanoli ya asilimia 95 peke yake. Chupa mbili kwa kila bwawa. Na karatasi ya maelezo (tarehe, namba ya bwawa au kizimba, dalili, idadi) iandikwe kwa penseli na kutumbukizwa ndani ya chupa, kwa sababu ethanoli inafuta wino wa peni.